Mayai ya shakwe Tromsø: chakula nyota tano, tahadhari hakuna

Kila mwezi wa Mei, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli vya nyumba, mikahawa ya huku kaskazini mwa Norwei huandika neno moja kwa chaki mlangoni: måsegg. Mayai ya shakwe. Wenyeji huyangoja mwaka mzima, kama tunavyongoja embe Lamu, na desturi yao ni kuyala kwa bia. Mimi bia sinywi, kwa hiyo habari za bia mtazipata kwa wengine. Nitaeleza yai lenyewe, mkahawa ulioniandalia, na neno moja ambalo mhudumu alipaswa kulisema na hakulisema.

Mkahawa uko bandarini Tromsø. Jina naliacha, maana nimezungumza na meneja akanisikiliza bila kunikatiza, na mlo huu unauzwa sehemu nyingi za pwani hii. Ninayoyasema yatakufaa popote utakapoukuta. Nawaandikia hasa dada zetu wanaoletwa huku kutoka kambi za wakimbizi, wenye mimba au watoto wadogo, ambao Kinorwe bado hakijawakaa.

Tulikuwa wanne: mavyaa wangu, ambaye ndiye aliyetualika, binti yangu wa miaka 11, mimi, na rafiki yangu wa Uvira, aliyefika Norwei mwaka jana na sasa ana mimba ya miezi sita. Tulipewa meza ya dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye vizingiti vya madirisha ya ghorofa, shakwe wadogo wanaoitwa krykkje walikuwa wamejenga viota vyao vya matope na nyasi, wakipiga kelele ile ile waliyopewa kuwa jina. Zamani ndege hawa walikaa kwenye majabali ya baharini. Siku hizi wengi wamehamia mjini, na kuna wanaowalaani kwa mavi yao kwenye madirisha. Mimi nawatazama kwa huruma. Katika orodha nyekundu ya Norwei ya mwaka 2021 wamo miongoni mwa wale walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Nilitaka kuyaonja mayai haya kwa sababu ya ami yangu. Alikuwa mvuvi, na wakati wa kusi, ndege wa baharini wanapotaga kwenye visiwa vya Kiunga, alikuwa akirudi na kikapu kilichotandikwa kitambaa, ndani yake mayai yenye madoa. Mama akiyachemsha, sisi watoto tukigombania. Hiyo ni zamani. Visiwa vile ni hifadhi, na sisemi watu wakayachukue. Nasema tu kwamba mavyaa aliponiambia siku ya kwanza kwamba na yeye alilelewa kwa mayai ya ndege wa bahari, nilihisi nimepata mtu wa kwetu.

Yeye alizaliwa kisiwani, si mbali sana na hapa. Anasimulia walivyokuwa wakipanda miambani na ndoo ya maji ya bahari. Yai likichukuliwa kiotani hutiwa ndoo kwanza. Likilala chini kabisa, ni la leo au jana, liwe chakula. Likisimama au kuelea, ndani mna kinda, lirudishwe. Na kiota hakikombwi; yai moja huachwa ili mama asikihame. Aliyasema haya huku akilizungusha yai mezani, na sauti yake ikawa ya msichana.

Sasa yai. Ni kubwa kuliko la kuku na limechongoka zaidi upande mmoja. Ganda lina rangi ya zeituni iliyopauka, na juu yake madoa ya hudhurungi na meusi, mengine makubwa, mengine kama wino uliorushwa kwa kidole. Linaletwa limechemshwa likaiva, ndani ya ganda lake, pamoja na mkate, siagi na kibakuli cha chumvi. Unalimenya mwenyewe. Ute wake si mweupe kama wa kuku: una samawati ya mbali na unapitisha mwanga kidogo, ukiuinua dirishani unaona kivuli cha kidole chako nyuma yake. Ukilikata, kiini kinakushtua. Rafiki yangu ndiye aliyepata neno lake.

"Dada, ona! Iko sawa na mawese."

Ndivyo kilivyo, chekundu cha mawese. Ladha ni ya yai, lakini yai lililokolea, na nyuma yake kuna bahari kidogo, chumvi ambayo si ile ya kibakulini. Mkate ulikuwa wa moto, siagi haikubanwa. Mayai mawili kwa kroni 220, ambazo ni zaidi ya shilingi 2,500 za Kenya. Ghali, lakini mikahawani huku kila kitu ni ghali na sahani hii ilistahili. Mpishi aliyeyachemsha anaijua kazi yake: hakuna duara la kijani kuzunguka kiini, na ganda lilitoka bila kung'oa ute. Nami ni mpishi, hayo nayatazama.

Lakini kabla ya kuionja nilitoka nje kupokea simu ya mume wangu, ambaye alikuwa baharini. Dakika tano, hazikuzidi. Niliporudi, sahani zilikuwa zimeshawekwa, na si mbili nilizoagiza mimi na mavyaa. Mhudumu aliwauliza na wengine kama wangependa kuonja, wakakubali, na wote wanne walikuwa na mayai mbele yao. Binti yangu alikuwa akinyunyiza chumvi. Rafiki yangu alikuwa ameshakula nusu.

Nilimshika mkono. Sikuwa na njia ya adabu zaidi ya kufanya hivyo.

Mattilsynet, ile mamlaka ya chakula ya Norwei, imeshasema wazi, na si jana: watoto, wanawake vijana, wajawazito na wanaonyonyesha wasile mayai ya shakwe. Sababu ni kemikali za sumu zilizomo, PCB na dioksini. Hili si siri. Mama wa Kinorwe aliyekulia pwani hii analijua. Mimi nalijua kwa sababu nimepika miaka tisa kwenye kantini ya jengo wanamofanya kazi watafiti wa ndege na bahari, na anayewapakulia watu supu husikia mengi. Rafiki yangu angelijulia wapi? Menyu ilikuwa imeandika kwamba mkate una ngano na siagi ina maziwa. Juu ya yai hapakuwa na kitu. Kijana aliyetuhudumia alimwona mwanamke mwenye tumbo la miezi sita, akamwekea sahani mbele kwa tabasamu. Nilipomuuliza akaniambia alidhani kila mtu anajua. Ninaamini kwamba hakuwa na nia mbaya. Lakini "kila mtu" wa kijana yule ni watu waliozaliwa hapa.

Mavyaa aliweka kisu chini. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Mwaka 1976 nilikuwa na mimba ya mumeo, nikayala Mei nzima. Hakuna aliyetuambia." Hakugusa tena yai lake. Nilitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake, nikamwambia, lakini niliona kwamba neno langu halikufika.

Tukatembea kurudi nyumbani, saa nne usiku na jua lingali juu ya milima. Rafiki yangu aliuliza swali ambalo ningemlipa mtu alijibu vizuri kuliko mimi: "Huku hakuna viwanda, maji iko safi mpaka chini unaona mawe. Hiyo sumu inatoka wapi?"

Nilianzia kwenye transfoma. Wakenya mtakumbuka habari za watu waliokuwa wakiiba mafuta ya transfoma, yakauzwa ya kukaangia chipsi kwa sababu yanastahimili moto na hayaishi upesi. Baadhi ya transfoma za zamani, katika nchi nyingi, zilitiwa PCB. Ilianza kutengenezwa viwandani karibu na mwaka 1930, ikatiwa kwenye transfoma, kwenye rangi, kwenye gundi ya kuzibia nyufa za majengo, kwa sababu haishiki moto, haiozi, haibadiliki. Norwei iliipiga marufuku mwaka 1980. Lakini kitu kisichooza hakiondoki kwa kupigwa marufuku. Kinapovuja mahali penye joto hupaa hewani, upepo ukakichukua. Kikifika penye baridi hutua, kwenye theluji, kwenye maji. Jua likikipasha hupaa tena, kikasogea hatua nyingine. Mwisho hufika kwenye baridi ambayo hakiwezi kupaa kutoka kwake, na hapo hubaki. Ndiyo maana pwani isiyo na kiwanda hata kimoja inapokea taka za viwanda vya watu wengine.

Baharini nako PCB haipendi maji, inapenda mafuta. Huingia kwenye vijidudu vinavyoelea, samaki wadogo wakavila, samaki wakubwa wakawala wadogo, na kila anayekula hurithi karibu yote, maana mwili unashindwa kuitoa. Viumbe vya kaskazini huishi kwa mafuta. Bila mafuta hawavuki majira ya baridi. Na shakwe yuko juu kabisa ya ngazi hiyo. Anakula samaki, anakula matumbo yanayotupwa na wavuvi, anakula mayai na makinda ya ndege wenzake. Jike anapofika kutaga huchota mafuta ya mwili wake kutengeneza kiini, na sumu huchotwa pamoja nayo. Kile kiini cha rangi ya mawese ndicho kilichobeba mzigo. Kuchemsha hakusaidii. Wala ladha haikuonyeshi.

Hapo rafiki yangu aliweka mkono tumboni, na sikuhitaji kumaliza. Mwanamke naye hufanya vile vile. Anachokusanya miaka 20 katika mafuta ya mwili wake, sehemu yake humpa mtoto, kwa damu na kwa maziwa. Ndiyo maana tahadhari haikuishia kwa wajawazito bali imewataja hata wasichana ambao hawajaolewa. Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Quebec, Kanada, walipima maziwa ya wanawake wa Inuit, wenyeji wa asili wa Nunavik, kaskazini kabisa, wakitarajia kupata maziwa safi ya kulinganishia na ya wanawake wa mjini. Wakakuta PCB karibu mara tano ya wale wa kusini. Wanawake wale hawakuwahi kuwa na kiwanda. Walikula wanyama wa baharini, chakula cha bibi zao.

Nilimsimulia pia habari ya Nairobi, na hii huwa naisimulia kwa fahari. Januari 1999, mataifa yalipokutana Nairobi kujadili mkataba wa kuzikomesha kemikali hizi, Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuit, alimkabidhi mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kinyago cha jiwe cha mama na mtoto. Alitaka wanaobishana juu ya karatasi wawe na huyo mama mbele ya macho yao. Mkataba ulitiwa saini Stockholm mwaka 2001 na ukaanza kufanya kazi mwaka 2004. Marufuku za nchi moja moja pamoja na mkataba huo zimesaidia kweli: PCB katika ndege wa kaskazini imepungua tangu zamani zile. Mayai niliyoyala majuzi ni afadhali kuliko yale ya mavyaa ya mwaka 1976. Afadhali, lakini bado si ya kumpa mtoto, na nyuma ya PCB zimekuja kemikali nyingine. Zipo zile za jamii ya PFAS, zilizotiwa kwenye majaketi ya mvua na nta ya kuteleza kwenye theluji, ambazo zenyewe hazikai kwenye mafuta bali hushikamana na damu na ini. Ipo na zebaki. Huko Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini kabisa, krykkje wenye zebaki nyingi zaidi katika damu walionekana kuacha kutaga mwaka huo. Ndege mzima, kiota kipo, mwenzi yupo, na hatagi.

Kuna kisiwa kinaitwa Bjørnøya, kiko baharini kati ya bara la Norwei na visiwa vikubwa vya Svalbard. Hakina mji, kuna kituo cha hali ya hewa tu. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba shakwe wakubwa wa kule, polarmåke, wamejaa PCB. Wengine wameokotwa wamekufa au wako mahututi. Ndege akikosa chakula huyeyusha mafuta yake, na sumu iliyokuwa imelala huko huamka ikapanda kwenye ini na ubongo. Na kuna habari ya maziwa mawili ambayo nilipoisikia mara ya kwanza niliacha mwiko ndani ya sufuria. Ziwa Ellasjøen liko upande wa kusini, karibu na majabali ya ndege. Ziwa Øyangen liko kilomita chache tu kutoka hapo. Mvua ni moja, upepo ni mmoja. Lakini samaki wa Ellasjøen wana PCB nyingi zaidi, tena mara kadhaa, kuliko wa Øyangen, kwa sababu ndege hula baharini halafu huja kupumzika na kunya Ellasjøen. Sumu inasafiri kwa upepo hadi baharini, na ndege, bila kujua, anaipandisha tena nchi kavu hadi kwenye maji matamu. Ninapomwona mtu wa mjini hapa akimrushia krykkje jiwe kwa sababu ya mavi, hukumbuka ziwa lile. Kilicho ndani ya mavi yale tulikitengeneza sisi watu.

Kesho yake rafiki yangu alimpigia mkunga wake, nikiwa naye kutafsiri. Mkunga alimtuliza: nusu ya yai haimdhuru mtu, hatari ni kula mara kwa mara na kujilimbikizia, asile tena, basi. Nalitaja hili ili kama dada mwingine ameshayala asikose usingizi.

Kuhusu mkahawa: ukiwa mtu mzima, mwanamume au mwanamke uliyemaliza uzazi kama mimi wa miaka 47, na unataka kujua watu wa pwani hii wamekula nini vizazi vyote, nenda ukale yai moja. Moja, na si kwa ajili ya sumu tu. Hata gråmåke, shakwe mkubwa wa kijivu ambaye mayai yake ndiyo haya, sasa yumo kwenye ile orodha nyekundu kama ndege aliye hatarini, na mavyaa anasema miamba ya utoto wake imenyamaza. Kwa watoto waagizie supu ya samaki. Binti yangu aliletewa hiyo baada ya yai kuondolewa, nzito kwa krimu, vipande vya samaki vikubwa na karoti ambazo hazikupondeka, na bakuli lilirudi tupu. Rafiki yangu alikula boknafisk, samaki wa kukaushwa nusu kwa upepo, akasema kamkumbusha samaki wa ziwani kwao. Sahani zote mbili hawakututoza, bila sisi kuomba.

Chakula nakipa nyota tano. Mahali, tano. Huduma naipa moja, na hiyo moja ni ya meneja, aliyekaa kitako mezani petu na kuandika nilichokuwa nikimwambia.

Nilipita tena wiki iliyofuata. Kadi ndogo imewekwa kwenye kila meza, na nimeifurahia, ila ni ya Kinorwe peke yake. Nikamwandikia meneja ya Kiswahili kwenye karatasi ya oda, akaichukua na kuahidi kuichapa, na jirani yangu ameahidi kumpelekea ya Kisomali. Nimeiandika hivi: "Mjamzito, anayenyonyesha, msichana, mtoto: msile mayai haya. Tuulizeni, tutawapa samaki."